Mafunzo ya huduma ya dharura: yapi yanatufaa sisi wa kambini?



Wahudumu wetu wa afya wamekuwa wakiulizwa swali moja mara kwa mara. Kuna vikundi vya vijana, walinzi wa usiku na madereva wa pikipiki waliochanga fedha ili wampeleke mwenzao Kigali akasome huduma ya dharura. Baadhi yao wameona matangazo kwenye simu: mafunzo ya waokoaji yanayoitwa ya "taktiki", picha za watu waliovaa nguo za madoadoa, mikoba iliyojaa vifaa, na mwisho wake cheti chenye muhuri. Wanauliza: je, tulipe?

Swali ni zuri, na wanaouliza wanastahili sifa, kwa sababu wanataka kuwasaidia wenzao. Lakini fedha zinazochangwa kambini zinatoka kwenye posho ya chakula na vibarua. Zikipotea hazirudi upesi. Kwa hiyo toleo hili linaeleza mafunzo hayo ni nini, yana faida gani, na namna ya kuchagua.

Jibu kwa kifupi ni hili: mafunzo bora kwetu ni yale yanayowawezesha watu wengi, siyo mtu mmoja, kuzuia damu na kumlinda majeruhi katika dakika za mwanzo, kwa vifaa vinavyopatikana hapa, mpaka afike mikononi mwa mganga. Mengine yote yanafuata baada ya hapo.

KWA NINI DAKIKA ZA MWANZO

Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, anaweza kufa katika dakika 3 hadi 5. Hakuna gari la wagonjwa linaloweza kufika kwa muda huo, awe mtu yuko kambini au yuko katikati ya mji wa Kigali.

Rwanda ina huduma ya taifa ya magari ya wagonjwa, SAMU, iliyoanzishwa mwaka 2007. Namba yake ni 912, na kuipiga ni bure. Kambini, majeruhi hupelekwa kwanza kituo cha afya. Akizidiwa hupelekwa hospitali, kwa mfano ya Kirehe kwa wakaaji wa Mahama, au ya Kibuye kwa wakaaji wa Kiziba. Mwenye jeraha gumu zaidi hupelekwa Kigali, katika hospitali kubwa kama CHUK. Hiyo ni safari ndefu. Hospitali nzuri haiwezi kumsaidia mtu ambaye damu yake imebaki njiani.

Kwa hiyo mwokoaji wa kwanza ni yule aliye karibu: jirani, mlinzi wa zamu, mama muuza mboga, dereva wa pikipiki, mwalimu. Hao ndio wanaohitaji mafunzo.

"TAKTIKI" MAANA YAKE NINI?

Jina hili limetoka jeshini. Mwaka 1996 madaktari wa jeshi la Marekani walitoa mwongozo mpya wa kuwahudumia majeruhi vitani. Walikuwa wameona kwamba askari wengi walikufa kwa majeraha ambayo yangeweza kudhibitiwa, hasa damu kutoka mikononi na miguuni. Baadaye uchunguzi wa vifo 4,596 vya askari wao vya miaka 2001 hadi 2011 ulionyesha kwamba wengi walikufa kabla ya kufika hospitali. Katika vifo hivyo vya kabla ya hospitali, karibu robo vingeweza kuzuilika. Na katika kila 10 vilivyoweza kuzuilika, 9 vilisababishwa na damu kutoka.

Mwongozo huo uligawa huduma katika hatua tatu:

1. Hatari bado ipo. Hapa hakuna kutibu sana. Jikinge, mwondoe majeruhi ikiwezekana, funga jeraha linalomwaga damu nyingi mkononi au mguuni, basi.

2. Hatari imepungua lakini haijaisha. Mkague majeruhi kwa mpangilio: kwanza damu, kisha njia ya hewa, kisha pumzi, kisha dalili za kuishiwa damu, kisha kumkinga na baridi.

3. Kumsafirisha. Majeruhi yuko njiani kwenda hospitali. Endelea kumwangalia, na kumbuka ulichomfanyia ili umweleze mganga.

Kuanzia mwaka 2011 madaktari na waokoaji wa kiraia waliutengenezea mwongozo huo sura ya kiraia, kwa ajili ya polisi, zimamoto na wahudumu wa magari ya wagonjwa. Mwaka 2015 ilianza nchini Marekani kampeni ya kuwafundisha wananchi wa kawaida kuzuia damu. Somo lake huchukua saa moja hadi mbili, nalo sasa linafundishwa katika nchi nyingi.

Sisi wa eneo hili hatuhitaji kuambiwa kwamba raia nao hujeruhiwa. Kati ya mwaka 2010 na 2013 maguruneti yalirushwa mara kadhaa Kigali katika sehemu zenye watu wengi. Nairobi, watu 67 waliuawa katika shambulio la jengo la maduka la Westgate lililoanza tarehe 21 Septemba 2013. Januari 2025, vita vilipoingia Goma, hospitali ya CBCA Ndosho ilijaa majeruhi kuliko nafasi yake. Wengi wetu tuna ndugu waliokuwa huko.

Kwa hiyo ujuzi huu si wa askari peke yao. Kazi yetu ni kuchukua unaotufaa na kuuacha usiotufaa.

MAMBO MATATU YA KUCHUKUA

La kwanza: usalama kabla ya huruma. Mwokoaji akijeruhiwa, majeruhi wanakuwa wawili na mwokoaji hayupo. Kabla ya kukimbilia, simama, tazama, sikiliza. Je, mwenye panga bado yupo? Je, waya wa umeme umeanguka? Je, pikipiki nyingine zinakuja kwa kasi? Je, moto unaenea?

Usalama huo si wa mahali pa tukio tu, ni wa njia nzima. Jambo hili Kigali inalikumbuka kwa uchungu. Tarehe 14 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wanamgambo walilisimamisha gari la Msalaba Mwekundu wa Rwanda lililokuwa limebeba majeruhi. Wakawatoa, wakawaua. Majeruhi hao walikuwa wameshapata msaada, ila njia ndiyo haikuwa salama. Usafirishaji ukasimamishwa kwa muda. Philippe Gaillard, aliyekuwa kiongozi wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu mjini Kigali, na wenzake walilitangaza jambo hilo hadharani na kuzungumza na wakuu wa pande zinazopigana. Magari yakaweza kupita tena, na hospitali yao ya muda ikaendelea kupokea majeruhi kwa maelfu.

Funzo lake kwetu ni kwamba mwokoaji lazima ajue atapita wapi, nani anajua kuwa anapita, na nani atampokea. Mafunzo yasiyogusa jambo hili yana pengo.

La pili: damu kwanza. Zamani wengi tulifundishwa kuanza na pumzi. Hiyo bado ni sahihi kwa aliyezama maji. Lakini kwa mwenye jeraha linalomwaga damu kwa nguvu, anza na damu. Bonyeza jeraha kwa mikono miwili na kitambaa safi. Jeraha likiwa na shimo refu, jaza kitambaa ndani mpaka lijae, kisha bonyeza bila kuachia kwa dakika 10 au zaidi. Usifungue kila mara kuchungulia.

Damu ya mkononi au mguuni ikikataa kusimama, tumia turniketi, ambayo wenzetu waliosoma kwa Kifaransa huiita garo. Hufungwa sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, kati ya jeraha na mwili, bila kupita juu ya goti au kiwiko. Hukazwa mpaka damu iache. Inauma sana, na mgonjwa atalia. Maumivu hayo si dalili kwamba umekosea. Andika saa uliyoifunga, na usiilegeze mpaka afike kwa mganga. Haifungwi shingoni, kifuani wala tumboni.

La tatu: mpangilio. Watu wengi wakifika kwenye ajali, kila mmoja hutoa amri yake. Mmoja anamwaga maji, mwingine anamvuta majeruhi mguu, wa tatu anapiga picha. Mafunzo mazuri huwapa watu wote utaratibu mmoja, ili watu wawili wasiojuana waweze kufanya kazi pamoja: wewe bonyeza, mimi napiga simu, yule azuie watu.

MAMBO YA KUACHA

Baadhi ya kozi za taktiki hufundisha kuchoma sindano kifuani ili kutoa hewa, kuingiza mipira ya kupumulia, kutundika dripu na kutoa dawa kali. Hizo ni kazi za watu wenye taaluma na leseni. Mtu aliyejifunza kwa siku mbili, kisha akakaa mwaka mzima bila kufanya, anaweza kuua. Nchini Rwanda, kama ilivyo katika nchi nyingine, kazi za kitabibu husimamiwa na mabaraza ya taaluma za afya, na cheti cha huduma ya kwanza hakikufanyi kuwa muuguzi.

Jambo la kuacha kabisa ni silaha. Kozi nyingine ulimwenguni, zilizotungwa kwa ajili ya polisi, huchanganya huduma ya majeruhi na mazoezi ya bunduki. Hayo hayana nafasi katika maisha ya mkimbizi. Kambi ni mahali pa raia. Mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unamtaka mkimbizi ajiepushe na shughuli zozote za uasi dhidi ya nchi mwanachama. Ukialikwa katika "mafunzo ya uokoaji" ambayo mahali pake hapatajwi, mwenye kuyaendesha hajulikani, usafiri ni wa usiku, au unaambiwa usiwaeleze wazazi, usiende. Toa habari kwa kiongozi wa kijiji chako au ofisi ya ulinzi wa wakimbizi. Mafunzo ya kweli ya afya hayana siri.

MFANO WA KAMPALA

Wengine hudhani kwamba mafunzo mafupi hayana maana. Mfano ufuatao unaonyesha sivyo.

Mwaka 2008 watafiti mjini Kampala, Uganda, waliwafundisha watu 307 kwa siku moja tu. Hawakuwa waganga. Walikuwa polisi, madereva wa taksi na viongozi wa mitaa, yaani watu ambao kila siku huwa wa kwanza kufika penye ajali. Walifundishwa kuzuia damu, kumlaza majeruhi vizuri ili apumue, kufunga mfupa uliovunjika, na kumnyanyua bila kumwongezea madhara. Baada ya miezi sita waliofuatiliwa waliulizwa, na karibu wote walikuwa wameshatumia angalau ujuzi mmoja. Uliotumika mara nyingi ni ule wa kuzuia damu.

Ndugu msomaji, tazama mambo mawili hapo. Kwanza, walichaguliwa watu ambao tayari wako barabarani. Pili, walifundishwa mambo machache wanayokutana nayo kweli. Mafunzo ya siku moja yaliyochaguliwa hivyo yalizaa matunda. Mafunzo ya wiki mbili kwa mtu ambaye hayuko penye ajali yangezaa cheti.

ANZENI NA DAFTARI

Kabla ya kuchagua mafunzo, jueni majeraha yenu. Kikundi kikae na mkuu wa kituo cha afya na kumwomba aeleze, bila kutaja majina ya wagonjwa, ni ajali gani zilifika kituoni miezi mitatu iliyopita. Andikeni kwenye daftari.

Pengine mtakuta kwamba risasi hazimo. Mtakuta pikipiki, watoto walioungua kwa maji ya moto na moto wa jikoni, panga lililoteleza wakati wa kukata kuni, mtu aliyeanguka kutoka juu ya paa, ngumi na visu siku za ulevi, kifafa, na mama aliyeshikwa na uchungu usiku. Hapo mtaona kwamba kuzuia damu ni sehemu muhimu ya kazi yenu, lakini si kazi yote. Mafunzo yanayofundisha majeraha ya vita peke yake yatawaacha mikono mitupu mbele ya mtoto aliyeungua.

Kwa aliyeungua, mnachohitaji kujua ni kidogo lakini huokoa: maji safi ya bomba juu ya jeraha kwa dakika 20, kisha kitambaa safi, kisha kituo cha afya. Si dawa ya meno, si mafuta, si unga.

AINA ZA MAFUNZO, NA NANI ANAFAA WAPI

Somo la kuzuia damu (saa moja hadi mbili). Linamfaa kila mtu mzima na vijana wakubwa. Linaweza kufundishwa kambini chini ya mti, kwa vitambaa, vijiti na kipande cha sponji chenye shimo kinachofanana na jeraha. Watu 20 wanaweza kufundishwa kwa asubuhi moja. Tungependa kila kijiji kianze na hili.

Huduma ya kwanza ya kawaida (siku moja hadi kadhaa). Ndiyo inayofundishwa na vyama vya Msalaba Mwekundu, ikiwa ni pamoja na cha Rwanda. Inagusa damu, kuungua, mifupa, kukabwa na chakula, kuzimia na mengineyo. Inawafaa walinzi wa kambi, madereva wa pikipiki, walimu, wahudumu wa afya ya jamii na viongozi wa vijana. Kwa wengi wenu, haya ndiyo mafunzo yenu. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitoa pia mwaka 2006 kitabu cha huduma ya kwanza katika mapigano na ghasia. Mwulizeni mkufunzi kama anakifahamu.

Taktiki ya kiraia (siku mbili hivi). Imetungwa kwa watu ambao kazi yao ni kuingia penye hatari: polisi, zimamoto, wahudumu wa magari ya wagonjwa. Kwa mkaaji wa kambi, ina maana tu kama tayari ana huduma ya kwanza ya kawaida, na ana wajibu unaojulikana, mfano kiongozi wa zamu ya walinzi.

Huduma ya msingi ya dharura kwa watumishi wa afya (siku nne hadi tano). Shirika la Afya Duniani na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu waliitoa mwaka 2018. Ni ya wauguzi na waganga wa vituo. Ikiwa wewe ni muuguzi mkimbizi, uliza kituoni kama nafasi ipo.

Taaluma ya gari la wagonjwa. Hii ni shule, si kozi ya mwisho wa wiki. Anayeitaka aitazame kama masomo ya kazi, yenye masharti ya kuingia na leseni.

MASWALI KUMI YA KUMWULIZA MKUFUNZI

Kabla ya kutoa faranga hata moja, ulizeni haya. Mkufunzi mzuri hatakasirika.

1. Wewe ni nani kitaaluma, na mara ya mwisho ulimhudumia majeruhi lini?

2. Saa ngapi ni za mikono na saa ngapi ni za maneno? Kama nusu au zaidi ni ya kukaa na kusikiliza, tafuteni kwingine.

3. Wanafunzi wangapi kwa mkufunzi mmoja? Wakizidi kumi hivi, wengi watatazama tu.

4. Je, kila mmoja atapimwa akifanya kwa mikono yake, au wote hupata cheti kwa kuhudhuria?

5. Utafundisha kwa lugha gani? Kozi ya Kiingereza kwa mtu anayejua Kiswahili na Kirundi ni fedha iliyotupwa.

6. Tutatumia vifaa gani, na je, vifaa hivyo vipo kambini?

7. Kuna mambo ya watoto na wajawazito?

8. Cheti kinatambuliwa na nani, na kinaisha lini? Vyeti vingi vya huduma ya kwanza huisha baada ya miaka miwili hivi.

9. Je, kuna marudio baada ya miezi sita? Mikono husahau upesi kuliko kichwa.

10. Je, mnatumia milio ya risasi, kelele na damu ya kuigiza?

Swali hilo la kumi lina sababu yake. Baadhi ya kozi huweka mayowe na milipuko ili mwanafunzi azoee. Kwa mtu aliyekimbia vita, mazoezi hayo yanaweza kuamsha yale aliyoyaacha nyuma: mapigo ya moyo kwenda mbio, jasho, kukosa usingizi kwa siku nyingi. Una haki ya kuelezwa mapema, na una haki ya kutoka nje. Kutoka si woga. Kuzuia damu kunaweza kufundishwa vizuri kabisa mahali pa utulivu. Kama tayari unapata shida ya namna hiyo, zungumza na mshauri wa afya ya akili kituoni kabla ya kujiandikisha.

MMOJA KIGALI, AU ISHIRINI HAPA?

Hili ndilo swali gumu ndani ya vikundi. Fanyeni hesabu nyepesi: chukueni jumla ya fedha yote, pamoja na nauli, malazi na chakula, mgawanye kwa idadi ya watu ambao mwishoni wataweza kuzuia damu. Fedha iliyompeleka mtu mmoja Kigali imempata mwokoaji mmoja. Huyo akilala, akisafiri, au akipata nafasi ya kuhamia nchi nyingine, kijiji kinabaki bila mtu. Fedha hiyo hiyo ikimleta mkufunzi kambini, au ikinunua vitambaa na glavu kwa somo linaloendeshwa na kituo cha afya, imewapata watu 20.

Kumpeleka mmoja kuna maana kwa sharti moja: kwamba anakwenda kusomea kufundisha, siyo kuhudumia tu. Hapo andikeni makubaliano kabla hajaondoka: atawafundisha wangapi, kwa muda gani, na vifaa vitakaa kwa nani. Apate pia ruhusa ya ofisi ya kambi kwa safari hiyo.

Katika kuchagua watu wa kufundishwa, msiwasahau akina mama na wasichana. Mchana wengi wao wako nyumbani, sokoni na bombani, mahali ambapo watoto huumia. Tena mwanamke aliyejeruhiwa mara nyingi hupenda ahudumiwe na mwanamke mwenzake.

VIFAA: JIHADHARINI NA BANDIA

Turniketi za kiwandani zina bandia nyingi zinazouzwa kwa bei rahisi. Kijiti cha plastiki hupinda au huvunjika wakati wa kukaza, na hapo hakuna nafasi ya pili. Msinunue bila kumwonyesha mtu wa kituo cha afya. Turniketi iliyokwisha kutumika katika mazoezi ibaki ya mazoezi.

Kama hamna, jifunzeni kutengeneza kwa kitambaa chenye upana wa vidole vitatu au zaidi na kijiti kigumu cha kuzungushia. Msitumie waya, kamba nyembamba wala kamba ya viatu, maana hukata nyama bila kufunga mshipa. Mkanda wa suruali haukazi vya kutosha.

Mfuko wa kikundi uwe na glavu, vitambaa safi vilivyokunjwa, bandeji, mkasi, blanketi jepesi, kalamu na karatasi. Glavu ni lazima, kwa sababu virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI hupitia damu. Zikikosekana, vaa mifuko safi ya plastiki mikononi, na unawe kwa sabuni baadaye.

Msichore msalaba mwekundu juu ya mfuko. Alama hiyo inalindwa na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, na heshima yake ndiyo inayowalinda wahudumu wakati wa vita. Tumieni msalaba mweupe kwenye kitambaa cha kijani, ambao ni alama ya huduma ya kwanza.

UKIPIGA SIMU, UKIMKABIDHI MAJERUHI

Mafunzo yoyote mtakayochagua yaishie kwenye jambo hili. Ukipiga 912 au namba ya kituo cha afya, sema: uko wapi hasa, limetokea nini, majeruhi ni wangapi, hali yao ikoje, na kama mahali ni salama. Usikate simu wewe kwanza.

Ukimkabidhi majeruhi kwa mganga, sema manne: ameumia vipi, ameumia wapi, umeona dalili gani, umemfanyia nini na saa ngapi. Saa ya turniketi usiisahau.

KWA KUMALIZIA

Wengine wameuliza kama cheti kitawapatia kazi, au kitawasaidia wakihamishiwa nchi nyingine. Kinaweza kuonyesha kwamba unapenda kazi hii, lakini kila nchi ina mitihani yake, na hakuna kozi ya siku mbili inayokuhakikishia kazi. Anayekuahidi hivyo anatafuta fedha yako.

Kwa hiyo fuateni utaratibu huu: daftari la ajali kwanza, kisha somo la kuzuia damu kwa kila kijiji, kisha huduma ya kwanza kwa walio barabarani na penye watu, kisha marudio kila miezi sita. Taktiki ije mwisho, kwa wachache wenye wajibu nayo.

Kikundi kinachotaka kuanza kifike kituo cha afya kilicho karibu na kumwona mhudumu wa afya ya jamii. Njooni na majina yenu na daftari lenu. Fedha ziacheni nyumbani kwanza.